Kalengera: kijana akijitolea kwenye maktaba, naye apate nini?

Watu wengi wa Goma wanaijua Kalengera kupitia dirisha la gari. Ni sehemu ya teritware ya Rutshuru, kwenye barabara ya taifa namba 2, kabla ya kufika Rutshuru-centre. Pikipiki zinapita, malori yanapita, chukudu zinashuka na mizigo ya makala na ndizi. Kwa kawaida Kalengera ikitajwa katika habari ni kwa sababu ya vita, wakimbizi wa ndani au usalama wa barabara. Leo tunaitaja kwa jambo jingine: saa za mchana, masomo yakiisha, kijana wa miaka 14 au 16 anakwenda wapi?

Jibu la kila siku tunalijua. Wengine wanakwenda shamba. Wengine wanauza maandazi, mafuta ya taa au yuniti za simu kando ya barabara. Wasichana wanachota maji na kuwasha moto wa jioni. Na kuna wale wanaokaa tu, hao ndio wazazi wanawaogopea zaidi, kwa sababu katika Rutshuru kijana anayekaa bila kazi hakosi mtu wa kumwita.

Vijijini mwa kanda hii kumekuwa na jibu jingine lililojaribiwa kweli, na halikutoka mbali. Yeyote aliyepanda basi kwenda Kampala kupitia Bunagana amepita Masaka. Kilometa chache kutoka mji huo kuna kijiji kinachoitwa Kitengesa, kijiji cha wakulima wa kahawa na ndizi, ambacho hakina tofauti kubwa na vijiji vyetu. Hapo kuna maktaba ya watu wote, na sehemu kubwa ya kazi yake imefanywa na wanafunzi wa sekondari.

Sanduku moja la vitabu

Maktaba ya Kitengesa haikuanza na jengo. Mwaka 1999 ilikuwa sanduku la vitabu visivyofika 200, lililowekwa katika shule ya sekondari ya hapo kijijini. Waliolianzisha ni Emmanuel Mawanda, aliyekuwa kiongozi wa shule hiyo, na Kate Parry, mwalimu wa lugha katika Hunter College, New York, ambaye alikuwa akifanya utafiti kuhusu usomaji nchini Uganda. Wanafunzi walikuwa wanaazima, wanarudisha, na jina la kila mmoja linaandikwa katika daftari. Ndiyo hivyo tu.

Jengo lilifunguliwa mwaka 2002, miaka mitatu baadaye. Ninaona mpangilio huo ni wa maana. Huku kwetu tumezoea kinyume chake: mfadhili anajenga chumba, anapaka rangi, anaweka kibao chenye nembo yake, wakubwa wanakata utepe, halafu baada ya mwaka mmoja funguo hazijulikani ziko kwa nani. Kitengesa walikuwa na wasomaji kabla ya kuwa na ukuta. Baadaye walipata hata mitambo ya jua, na taa zikawaka mahali ambapo umeme wa Serikali haukuwa umefika.

Lakini jambo linaloihusu Kalengera zaidi ni vijana wenyewe. Maktaba ilichagua wanafunzi wachache wa sekondari, wasichana kwa wavulana, na kuwapa kazi ya saa kadhaa kila juma: kufungua, kuandika vitabu vinavyotoka na vinavyorudi, kuvipanga, kusaidia wasomaji, kuchunga usafi na utulivu. Badala ya mshahara, maktaba iliwalipia masomo. Wanaitwa kwa jina la heshima, kama wanafunzi wenye bursi ya maktaba, na siyo kama watoto wa kutumwa.

Maneno matatu yenye uzito

Kwa nini malipo hayo ya shule yana maana hapa? Kwa sababu neno kujitolea, katika Kivu Kaskazini, limebeba mizigo mingi.

Kwanza kuna salongo. Tangu wakati wa Mobutu raia wanaitwa kufyeka, kuzibua mifereji, kutengeneza barabara. Wengine wanakwenda kwa moyo, wengine kwa kuogopa faini. Kijana anayeambiwa ajitolee anaweza kufikiri ni salongo nyingine, kitu ambacho mtu anapanga juu na mwingine anashika jembe.

Pili kuna mwalimu wa N.U. Kila mwanafunzi wa Rutshuru amefundishwa angalau na mmoja: mwalimu aliyeajiriwa, anayesimama mbele ya ubao kila asubuhi, lakini jina lake halijaingia katika orodha ya malipo ya Serikali. Anangoja mwaka mmoja, miwili, mitano. Anaambiwa avumilie, ataingizwa. Mtoto anayemwona mwalimu wake akiishi hivyo ameshajifunza somo kuhusu kazi ya bure, na hakuna hotuba itakayolifuta.

Tatu kuna neno la Kifaransa lenyewe, volontere. Katika miaka ya hivi karibuni neno hilo limeshika bunduki. Wale wanaoitwa wazalendo wanatajwa pia kuwa volontere wa kutetea nchi, na mwaka 2023 Kinshasa ilipitisha sheria ya kuunda jeshi la akiba. Upande wowote unaoutazama, makundi yenye silaha yamekuwa yakiwachukua vijana, wengine kwa nguvu, wengine kwa ahadi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inasema kila asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi na katika makundi yenye silaha. Sheria iko. Njia ya kwenda msituni pia iko.

Kwa hiyo mtu atakayesimama Kalengera, kanisani au mbele ya kamati ya wazazi, na kusema anatafuta vijana wa kujitolea kwenye maktaba, aanze kwa kueleza anamaanisha nini. Ni saa ngapi. Chini ya nani. Na kijana atatoka na nini mkononi. Bila majibu hayo wazazi watakataa, na watakuwa na haki.

Masomo ya msingi ni bure, sekondari siyo

Tangu Septemba 2019 Serikali ya Kongo ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Hata penye matatizo, mamilioni ya watoto waliingia darasani. Lakini ukuta umehamia mbele tu. Mtoto akimaliza shule ya msingi, mzazi anakutana tena na minervali, na michango mingine ambayo majina yake yanabadilika kila mwaka. Hapo ndipo wengi wanaacha, katika umri uleule wa miaka 13 hadi 17 tunaouzungumzia. Mwaka ambao maharagi hayakukubali, au familia imekimbia na kukuta shamba limevunwa na wengine, anayetolewa shule kwanza mara nyingi ni msichana.

Bursi ya maktaba inagusa ukuta huo pale pale. Hailipi familia nzima, wala haimalizi umaskini wa kijiji. Kitengesa yenyewe haikuweza kumpa kila mwanafunzi nafasi. Lakini inageuza maana ya kujitolea: kijana anatoa mchana wake mara mbili kwa juma, na mchana huo unamrudisha darasani asubuhi inayofuata.

Tufanye hesabu ndogo. Maktaba ikifunguliwa siku sita kwa juma, mchana tu, na kila mchana ikihitaji vijana wawili, hizo ni zamu 12. Kila kijana akichukua zamu mbili, vijana sita wanatosha. Sita tu. Minervali ya wanafunzi sita siyo mzigo unaohitaji shirika kubwa la kimataifa kuuinua. Wafanyabiashara wa barabara hii, wanaonunua kahawa na maharagi, parokia, na wana wa Kalengera wanaoishi Goma, Kampala au Ulaya wamechangia harusi na vilio vilivyogharimu zaidi. Tatizo la mchango wa aina hii ni kuendelea: kilio kinaisha kwa siku tatu, minervali inarudi kila muhula. Heri kuanza na vijana wawili ambao watalipiwa mpaka mwisho kuliko kuanza na sita na kuwaangusha mwezi wa pili.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mtu anaweza kufikiri kazi ya maktaba ni kukaa kwenye kiti na kunyamazisha watu. Siyo hivyo. Kitabu kikiingia kinapewa namba, kinaandikwa katika rejista, kinafunikwa kwa karatasi ngumu au plastiki ili kivumilie mvua na mikono yenye vumbi. Kikichanika kinashonwa kwa uzi na gundi. Anayeazima anaandikwa jina, namba ya kitabu na tarehe ya kurudisha. Asiporudisha, kuna mtu anayepaswa kwenda nyumbani kwake na kuomba kwa adabu. Kazi hiyo ya mwisho inamfundisha kijana kusema na wakubwa kuliko somo lolote la uraia.

Halafu kuna kusoma kwa sauti. Hapa ndipo kijana wa miaka 15 anamzidi hata mwalimu aliyechoka. Watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wakikaa chini mkekani, mtu akiwasomea hadithi kwa Kiswahili wanayoielewa, wakarudia maneno naye, wanaanza kuona kuwa zile alama kwenye karatasi ni maneno ya kinywa. Wengi katika Rutshuru wanazungumza Kinyarwanda au Kihunde nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa wanakikuta ubaoni. Kijana wa hapohapo anapita kati ya lugha hizo bila kufikiri. Mgeni kutoka Kinshasa hawezi.

Wakubwa nao wana haja zao. Mama aliyeletewa barua ya shule asiyoweza kuisoma. Mzee mwenye karatasi ya shamba iliyoandikwa Kifaransa. Mtu aliyetumiwa pesa kwa simu na haelewi ujumbe. Katika nchi nyingi za jirani maktaba za vijijini zimegundua kuwa huduma hizi ndizo zinawafanya wazazi waitetee maktaba. Lazima tu kijana afundishwe kufunga mdomo: siri ya barua ya mtu haitoki nje. Atakayeshindwa hilo aondolewe, hata kama anasoma vizuri namna gani.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, Bonny Norton na Carrie-Jane Williams, walitoa utafiti wao kuhusu vijana wa Kitengesa. Maktaba hiyo ilikuwa imepokea mtambo unaoitwa eGranary, unaohifadhi nakala za kurasa nyingi za intaneti ili watu wazisome bila mtandao. Vijana wenye bursi walifundishwa kuutumia, na muda siyo mrefu wao ndio walikuwa wakiwafundisha wengine. Watafiti waliona jinsi hadhi ya vijana hao ilivyobadilika: kutoka wanaofundishwa hadi wanaofundisha. Ninaamini hili lina uzito kuliko vitabu vyenyewe. Katika kijiji ambapo mwenye sauti ni mwenye umri, mwenye pesa au mwenye silaha, kijana anatafutwa kwa sababu anajua kitu.

Vitabu gani?

Hapa niseme wazi. Kontena la vitabu vilivyokataliwa Ulaya siyo maktaba. Kuna shule Kivu zimepokea ensiklopedia za zamani na riwaya za kurasa 600 kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma, na vitabu hivyo vinalala kabatini, vimefungiwa kama vyombo vya wageni. Mwanafunzi wa Kalengera anataka kitabu cha hesabu cha mwaka wake. Finaliste anataka maswali ya egzetati ya miaka iliyopita. Mkulima anataka karatasi chache kuhusu ugonjwa wa migomba. Mtoto mdogo anataka hadithi fupi yenye picha.

Kwa hadithi za watoto kuna njia isiyo na gharama kubwa. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, umeweka hadithi nyingi zenye picha katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzichapisha na kuzitafsiri. Mtu mwenye simu anaweza kuzichukua akiwa Goma, kuzichapa kwenye duka la fotokopi, kuzishona na kuzileta. Na vijana wa maktaba wanaweza kufanya zaidi: kutafsiri, na kuandika hadithi walizosikia kwa nyanya zao, ambazo hazipo katika kitabu chochote.

Na vita ikirudi?

Swali hili halikwepeki. Mwisho wa Oktoba 2022 M23 iliingia Rutshuru-centre na Kiwanja. Mwisho wa Januari 2025 iliingia Goma. Katika mizunguko yote ya vita shule za Kivu Kaskazini zimekaliwa na wakimbizi au na wenye silaha, na madawati yamegeuka kuni. Nani ataweka vitabu mahali kama hapo?

Turudi kwenye sanduku la mwaka 1999. Sanduku la mbao au la bati, lenye kufuli na vitabu 100 au 150, linaingia nyumbani kwa mtu. Linabebwa na chukudu moja. Likihitaji kuhama linahama, na mahali popote litakapofunguliwa ni maktaba. Siyo jambo la ajabu: tangu mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia upande wa Garissa, kwa sababu wasomaji huko ni wafugaji wanaohama. Wao wana ngamia, sisi tuna chukudu, na kwenye mteremko nafikiri yetu ina mbio zaidi.

Usalama wa kijana unakuja kabla ya ule wa kitabu. Sanduku lifunguliwe mchana na kufungwa jua likiwa bado juu, ili msichana afike nyumbani kabla ya giza. Zamu ya saa tisa hadi kumi na moja inatosha. Asiwepo kijana peke yake na funguo. Mtu mzima anayejulikana, mwalimu aliyestaafu au mama wa parokia, akae karibu. Wakati wa mavuno na wakati wa mitihani zamu zipunguzwe. Na rejista isiandike kabila la msomaji, wala alikotoka. Katika eneo lililojaa waliokimbia na waliorudi, karatasi yenye orodha ya majina na asili inaweza kumuua mtu.

Jambo la mwisho ni la kawaida, lakini limezika miradi mingi. Vijana wanakua. Aliyejifunza vizuri kuliko wote atafanya egzetati, atapata diploma na kuondoka kwenda Goma au Butembo, na hilo ndilo tulilokuwa tunamtakia. Kwa hiyo kila kijana wa mwaka wa tano au wa sita awe na mdogo wa mwaka wa tatu pembeni yake tangu muhula wa pili, anayejua namba za vitabu, nani anadaiwa, uzi na sindano viko wapi. Siku finaliste anakwenda kituo cha mtihani, sanduku lifunguliwe saa tisa kama kawaida, na mdogo wake ndiye awe ameshika rejista.